Kuyu wa Mzee Aron

Siku Mzee Aron alipofariki, samaki wake walikuwa saba. Siku waombolezaji walipokunja mikeka na kurudi makwao, alibaki mmoja.

Walikuwa kuyu wakubwa wa kigeni, magamba yao meupe kama sufuria mpya, mapezi mekundu, na visharubu vifupi mdomoni. Mzee Aron, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha chai, aliwanunua wakiwa wadogo kama kidole. Wakakua na kukua, mpaka tenki la kioo likachukua ukuta mzima wa sebule yao pale Soni. Majirani walimtania.

"Mzee Aron, kitoweo hiki kinaiva lini?"

"Siku nitakayokufa," alikuwa akijibu, nao wakicheka mpaka chai ikiwamwagikia.

Basi akafa kweli, kwa presha, asubuhi akifunga viatu. Nyumba ikajaa. Esteria, dada wa marehemu, ndiye aliyeshika shughuli zote, na jambo la kwanza alilofanya ni kunyamazisha nyumba. Kwao msiba haukai na makelele. Alizima redio, akazima televisheni, na kwa kuwa kulikuwa na kitu kingine kinachonguruma nyuma ya tenki kwenye ekstensheni ile ile, akakizima pia. Ilikuwa mashine ya hewa ya samaki.

Evelina, mke wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani pale pale. Alisikia ngurumo ikikatika. Akaona afadhali, kimya kimekuja. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Siku ya tatu, walipotoka makaburini, sita walikuwa wanaelea ubavu. Wa saba alikuwa juu ya maji, mdomo wazi, anahema. Evelina akawasha swichi. Akawatoa wale sita kwa bakuli, akawafukia chini ya migomba, akanawa mikono, akarudi kuwagawia watu uji. Hakulia kwa samaki, kama ambavyo hakuwa amelia kwa mume. Watu walisema ana imani kubwa. Yeye alijua si imani. Ndani yake kulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unaugusa na hausikii.

Kilichobaki kumsumbua kilikuwa kimoja tu. Yule kuyu wa saba alijibana pembeni, nyuma ya jiwe, na hakula. Mzee Aron alizoea kusema, "Kuyu mmoja si samaki, ni mfungwa." Bila wenzake angekufa, na Evelina hakutaka kumzika mwingine wa nyumba ile. Alimwomba Mungu jambo hilo moja, kwa sababu mengine hakujua aombe nini.

Siku ya gulio Lushoto alimkuta kijana ameninginiza mifuko ya samaki kwenye kamba.

"Chukua mama! Hawa wazima kabisa, wanacheza kama watoto!"

"Nionyeshe wakila," Evelina akasema. Ndivyo mumewe alivyokuwa akimwambia muuzaji wake.

"Aa, mama! Samaki wanakula nyumbani, hapa wako safarini."

Akaondoka. Alijua aende wapi. Miaka yote Mzee Aron alinunua kwa mtu mmoja tu, Shabani wa Ngamiani, Tanga. Akateremka mlima kwa basi la asubuhi.

"Shikamoo mama," Shabani akasema, wavu mkononi. "Mzee hajambo?"

"Marahaba. Mzee ametutoka."

Shabani akaweka wavu chini. "Inna lillahi. Pole sana, mama yangu."

"Asante," akasema, kama alivyosema mara mia wiki ile. "Nataka kuyu wanne. Amebaki mmoja, na hataki kula."

Bila kuombwa, Shabani akanyunyiza chakula kwenye tenki lake. Wawili wakala, wengine wakageuza mgongo. Akamwonyesha mmoja mwenye vidoa vyeupe kama amemwagiwa chumvi.

"Wamefika juzi. Wanaumwa. Sikuuzii."

"Nimetoka Soni, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana sikuuzii. Nikuuzie wagonjwa, Mzee Aron anifufukie hapa na bisibisi yake?"

Kicheko kilimpanda Evelina mpaka kifuani, kikaishia hapo.

"Rudi baada ya wiki mbili," Shabani akasema. "Yule wa nyumbani mpe mchicha uliochemshwa, kidogo kidogo, na usimwache bila hewa."

Alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii wote walikimbilia chakula wakapigana vikumbo, naye akachagua wanne. Hata hivyo, alipofika nyumbani hakuwatia tenkini. Aliwaweka kwenye pipa la bluu chumbani, na mashine yao ndogo ya hewa na kipasha maji, kwa sababu baridi ya Soni si joto la Tanga. Mzee Aron alikuwa akisema mgeni hachunguzwi kwa macho tu, hupewa siku zake. Yule kuyu wa zamani tenkini alikuwa akila majani mawili matatu ya mchicha kwa siku, amekonda mgongo.

Siku ya arobaini, asubuhi, aliwahamisha. Wanne wakazunguka tenki kama askari. Wa zamani hakutoka nyuma ya jiwe. Evelina hakuwa na muda wa kumsubiri, ndugu walishaanza kufika kwa ibada ya shukrani.

Sebule ikajaa. Mwinjilisti akafungua kitabu cha nyimbo. Esteria akainama nyuma ya tenki.

"Ngoja nizime huyu nyuki, tusali kwa utulivu."

"Wifi, acha!" Sauti ilimtoka Evelina kwa nguvu mpaka mwinjilisti akainua macho. "Ile ndiyo pumzi yao."

Mkono wa Esteria ukabaki hewani. Akawatazama samaki, akaitazama swichi. Watu waliona uso wake ukibadilika, hawakujua kwa nini.

"Siku ile…" akanong'ona. "Kumbe niliwaua mimi. Samaki wa kaka yangu. Na wewe ulijua?"

"Nilisikia ikizimika, wifi. Nikashukuru kwa kimya." Akamsogezea nafasi kwenye kochi. "Tulizima wote wawili. Kaa."

Esteria akakaa. Wakaimba, mashine ikinguruma chini ya wimbo. Ubeti wa tatu, Esteria akamgusa kiwiko. Kuyu wa zamani alikuwa ametoka nyuma ya jiwe. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari, anafuata wenzake polepole, mkia mzito.

Baada ya amina, Evelina alichukua kopo la chakula. Akafikiri kidogo, akampa wifi yake.

"Kidogo tu," akamwambia. "Mpaka uone anakula."

Esteria akanyunyiza. Wale kuyu wanne wageni wakawahi. Yule wa zamani akachelewa, akapanda, akafungua mdomo, akala.

"Amekula," Esteria akasema, akaanza kulia.

Evelina hakulia. Lakini alisikia njaa, mara ya kwanza tangu msiba, akaenda jikoni kujipakulia wali.