Umeme wa Kijijini Java

Kwenye basi la Perry Barr, huku ughaibuni, dada mmoja Mkenya anayehudumia wazee alikuwa akinilalamikia kwa hasira: "Eti mzee ninayemhudumia ananiuliza kama kwetu kuna nyumba!" Nikakasirika pamoja naye.

Mwenzake wa kazini, Mwindonesia, akatuonyesha kwenye simu picha ya kijiji chao huko Java: mashamba ya mpunga mlimani, karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara. Mimi Mpemba nikasikia harufu ya kwetu.

Dada akaikuza picha kwa vidole viwili, akamuuliza kwa Kiingereza: "Huko kuna umeme?"

"Picha hii Mama kanitumia sasa hivi," mwenzake akajibu taratibu. "Unadhani kaileta njiwa?"

Kumbe tukiulizwa sisi ni tusi, tukiuliza sisi ni mazungumzo! Dada akanigeukia tucheke. Nikabonyeza kengele nikashuka, na kituo changu bado kabisa.