Mabasi Mawili Kumfuata Babu

Ninyi wa Mombasa mnaoniuliza kila siku nimefika wapi Uingereza, jibu ni hili: nimefika dukani. Miaka kumi na minane nakaa Kingstanding, kaskazini mwa Birmingham, na kochi langu lina shimo la umbo langu. Jumamosi iliyopita nilisafiri. Si kwa hiari yangu.

Sababu ni mama. Alizaliwa Barawa, Waitaliano wa Kifashisti walipokuwa wakiitawala Somalia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye bado ananyonya, babake aliyekuwa mfuma nguo aliitwa asubuhi kwenye sherehe ya serikali, asirudi. Kwa nini, hakuna aliyejua. Picha yake hatuna. Umri wake wote mama ameishi na baba asiye na uso. Sasa binti yangu, muuguzi, akatuletea habari: Bi Rosa wa Harborne, aliyewahi kufanya naye kazi, kakuta sanduku la picha za rangi, zile ndogo za kumulikwa ukutani, chini ya ngazi za nyumba ya marehemu babake. Mzee huyo alikuwa mpiga picha wa utawala ule. Baadhi zimeandikwa Barawa.

Saa tatu asubuhi tukatoka. Mama kabeba chupa ya chai, visheti, msala na mwavuli.

"Mama, ni mabasi mawili tu."

"Wewe ukienda chooni waaga nyumba nzima. Leo wanifunza safari?"

Katikati ya mji tukabadili basi. Nilianza kulalamikia goti. Mama alikuwa akijitazama kwenye kioo cha dirisha, nami nikajua mambo ni mazito. Njia nzima alikuwa akiutengeneza mtandio wake. "Nimekaa vizuri?" akauliza mara tatu, utadhani anayekwenda kuonwa ni yeye.

Saa tano, Harborne. Bi Rosa alitupokea kwa kahawa na aibu. "Baba alipiga alichoamriwa," akaniambia, nami nikamfasiria mama. "Nyingi ni za kujisifu."

"Mwambie sikuja kumhukumu babake," mama akasema. "Nimekuja kumtafuta wangu."

Mapazia yakafungwa, picha zikarushwa ukutani kwa projekta. Bendera nyekundu. Picha kubwa ya dikteta, kidevu juu. Chini yake wafumaji wamepangwa mstari, mikono imenyooshwa kwa saluti ya Kifashisti, na vitambaa vyao vya manjano vinang'aa kama vilivyoanikwa jana.

"Hii ilikuwa kwenye boksi la zilizoharibika," Bi Rosa akasema. "Mtazameni wa nne."

Wote wamenyoosha mkono wa kulia. Wa nne kanyoosha wa kushoto.

Mama akasimama. "Baba alikuwa mashoto. Mama yangu alisema hata kufuma alifuma kwa kushoto, wenzake wakamcheka."

"Basi aliwakaidi!" nikasema, kifua mbele.

"Kukaidi wapi! Kasahau tu. Ndiye babu yako huyo. Wewe wapotea jikoni kwako."

Tulicheka, hata Bi Rosa nilipomfasiria. Kisha akasita. "Ipo nyingine. Walirudia."

Ukuta uleule, bendera zilezile. Mikono yote ya kulia. Mstari umebanwa, babu hayumo. Wote wanaitazama kamera isipokuwa wa tatu. Yeye anatazama pembeni, nje ya picha.



"Mwambie arudishe ile ya kwanza," mama akasema. Akaenda mpaka ukutani. Kivuli chake kikamfunika babake. Akasogea upesi, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni.

Saa tisa tukapanda basi la kurudi, nakala ya ile ya kwanza ikiwa kwenye bahasha. Nilikuwa nikijiona mjanja, kwamba asiyetoka hapotezi kitu. Kumbe babu alikuwa mabasi mawili kutoka kochini kwangu miaka yote hii, nami nalalamikia goti.

Mama aliitoa picha, akaitazama mpaka tukakaribia Kingstanding.

"Hajafika hata thelathini," akasema. "Binti yako ni mkubwa kwake. Omari, tangu utotoni nimeweka maneno ya kumwambia baba, maneno ya mtoto. Sasa namwona, nataka tu kumuuliza kama amekula."