Gari Lililonyamaza Kwenye Lami

Kokugonza alijifunza udereva akiwa tayari ana wajukuu. Kwenye shule ya udereva pale Kayanga, wenzake walikuwa vijana wa bodaboda waliotaka kuhamia kwenye magari, na siku ya kwanza walimwamkia shikamoo wakidhani amemsindikiza mtoto wake. Aliwaitikia marahaba, akaingia kwenye gari la mafunzo, akauliza klachi ni ipi.

Haikuwa tamaa ya makuu. Mumewe, Yustus, alipoteza usikivu miaka mingi iliyopita baada ya malaria kali iliyokaribia kumwondoa. Alibaki na sauti yake, na macho makali ya kusoma midomo ya watu, lakini leseni hangeipata. Na wao walihitaji gari. Kibanja chao cha Igurwa kilikuwa kimestawi, migomba imefungamana na kahawa imetulia chini yake, lakini kila wavunapo, wanunuzi walikuja na magari yao wakasimama getini bila haraka. Walijua ndizi iliyokwisha kukatwa haina subira. Bei waliitaja wao, na ukibisha, wanawasha gari. Ukisema uwape vijana wa baiskeli waisukume mikungu hadi mnadani, mvua inawanasa njiani, na mzigo unafika umechubuka.

“Shamba ni letu,” Kokugonza alikuwa akimwambia mumewe, “lakini barabara ni ya wenye magari.”

Basi, msimu kahawa ilipowaendea vizuri, waliuza na ng'ombe wawili juu yake, wakaenda Kayanga kwa Privatus, muuza magari yaliyokwisha kutumika. Huyu alikuwa mtu mcheshi, mwenye mwili na mkono mwepesi wa kumshika mteja begani. Aliwaonyesha pikapu nyeupe ya milango minne. Alimwendesha Kokugonza barabara ya lami hadi karibu na Omurushaka na kurudi, pikapu ikateleza kama maji mferejini. Walipokubaliana, Privatus alitamka mbele ya watu waliokuwepo kwamba gari hilo likiwasumbua kabla ya msimu kwisha, walirudishe, atalishughulikia yeye mwenyewe. Kokugonza aliyashika maneno hayo.

Furaha yake ilidumu hadi pale lami ilipoishia. Alipoacha barabara kuu na kuanza kuupanda mlima wa kuelekea nyumbani, chini ya miguu yake kulitoka mlio. Ulianza kama mbu, ukawa kama mtu anayelia amefumba mdomo. Alipokanyaga mafuta uliongezeka, alipoachia ulipungua. Yustus aliyekaa kando yake alikuwa akitazama vilima kwa furaha, hakujua lolote.

Mtu wa kwanza kuupa mlio ule maelezo alikuwa Rwezaura, mdogo wake Yustus. Rwezaura aliwahi kuendesha lori la kubeba kahawa enzi za ujana wake, na kijijini hakuna aliyethubutu kubishana naye habari za magari. Aliizunguka pikapu, akamwomba shemeji yake aiendeshe hadi kwenye kona na kurudi, kisha akatoa hukumu mbele ya majirani. Alisema gari ni zima kabisa. Kinacholia ni gia zinazosagwa na mguu usiojua klachi. Akaongeza kwamba mwanamke aliyeanza udereva uzeeni atazimaliza gia hizo kabla ya mikungu kuiva.

Watu walicheka. Kokugonza naye alicheka kidogo, maana angefanya nini, lakini neno lile lilimwingia. Alianza kuusikiliza mguu wake kuliko barabara. Alikanyaga klachi hadi mwisho, akaiachia taratibu kama mtu anayeweka yai mezani, na bado mlio ulitoka. Alimwendea Niyonkuru, fundi wa Omurushaka aliyekuwa na sifa ya uaminifu. Niyonkuru alibadilisha oili ya giaboksi, akakagua magurudumu, akaliendesha gari mbele ya gereji yake. Halikulia. Alimwambia kwa upole kwamba angeweza kuifungua giaboksi, ila kwa kuwa muuzaji alitoa ahadi, afadhali muuzaji aanze kuona.

Alikwenda kwa Privatus. Privatus alimwamkia, akamkaribisha kiti, akachukua ufunguo. Walikwenda lamini na kurudi. Pikapu ilikuwa kimya kama maji ya mtungini.

“Mama, umesikia chochote?” Privatus aliuliza.

Kokugonza alikiri kwamba hakusikia.

“Basi gari halina neno. Wewe bado mgeni, mama. Utalizoea.”

Alirudi tena baada ya wiki kadhaa, mambo yakawa yale yale. Safari ya pili vijana wa Privatus walitazamana alipoingia. Kwenye lami gari lilimkana, mlimani lilimwaibisha. Siku hiyo aliliegesha bandani, akaita vijana wa baiskeli waje kuchukua ndizi. Rwezaura alipowaona wakipakia alitikisa kichwa tu, na hilo lilimuuma Kokugonza kuliko maneno. Alianza kuamini. Huenda kweli alikuwa na mguu mbaya. Huenda umri ule ulikuwa wa kukaa na kumenya ndizi jikoni.

Aliyemkatalia ni Yustus. Yeye hakuwa na namna ya kujua kama gari linalia au halilii, lakini alimjua mkewe. Alimwambia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajamwona akivunja hata mpini wa jembe. Akamwomba wawashe gari, waende Kayanga na kurudi, wawili tu.

Katika safari hiyo Yustus alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa gia, mkewe akawa anabadilisha gia mkono wake ukiwa juu ya wa mumewe. Waliteremka mlima hivyo, wakaingia lamini. Kokugonza akapandisha: moja, mbili, tatu. Alipoingiza nne, Yustus aligeuka akamtazama.

“Sasa kimenyamaza,” alisema.

Kokugonza hakumwelewa mara moja. Yustus alieleza kwamba kulikuwa na kitu kinatetemeka humo ndani tangu walipotoka nyumbani, kama nyuki ndani ya kibuyu, na sasa kimetulia. Mkewe akarudisha gia ya tatu. “Kimerudi,” Yustus akasema. Akaingiza nne. “Kimeondoka.” Wakarudia, na wakarudia tena, hadi Kokugonza akaegesha gari kando ya barabara, akazima, akakaa ameshika usukani.

Ilimjia yote kwa mara moja. Kwenye lami iliyonyooka, Privatus huchukua gia ya nne mapema na kubaki nayo hadi mwisho. Mbele ya gereji ya Niyonkuru palikuwa tambarare, gari halikuwa na mzigo wala haraka. Lakini njia ya kwao ni ya kupanda, na huko hakuna anayefika gia ya nne. Ugonjwa ulikuwepo siku zote, ila ulikuwa ukijificha kwenye gia ile moja. Mguu wake haukuwa na kosa. Alimweleza mumewe hayo yote akimwelekezea uso ili asome midomo, na alipomaliza aliona kwamba anatabasamu huku machozi yanamtoka.

Hakumwendea Privatus kwa ugomvi. Alikwenda akamwamkia vizuri, akamwambia kwamba yeye na mzee wamemkaribisha nyumbani Igurwa Jumamosi, aje ale ndizi, kwani mtu aliyewauzia gari la kwanza si mtu wa kupita tu. Mwaliko wa namna hiyo huku kwetu hauna mlango wa kutokea. Privatus akakubali.

Jumamosi hiyo Kokugonza alikuja kumchukua pamoja na Yustus, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa amemkalisha Rwezaura. Walipitia dukani, wakapakia mifuko ya saruji ya usharika, maana kanisa lao lilikuwa linajengwa huko juu. Pikapu ikakaa chini kwa uzito. Kisha Kokugonza akampa Privatus ufunguo, akamwomba awaendeshe yeye, kwa kuwa amechoka. Yeye akaenda kukaa nyuma, kando ya shemeji yake.

Lamini mambo yalikuwa shwari, Privatus akipiga hadithi. Walipoingia barabara ya vumbi na mlima kuanza, alijaribu kuung'ang'ania kwa gia ya nne. Injini ikakwama pumzi. Akashusha tatu. Mlio ukatoka.

Ulitoka wote, kwa sauti ambayo hata Kokugonza hakuwahi kuisikia, maana hakuwahi kuupanda mlima ule na mzigo kama huo. Hadithi ya Privatus ikakatika. Akakanyaga mafuta ili auvuke mwinuko upesi, na hapo hapo gia ikachomoka yenyewe, mkono wa gia ukaruka hadi katikati, gari likaanza kurudi nyuma. Privatus akalikamata kwa breki. Saruji ikagonga bodi nyuma yao. Wakabaki wamesimama pale mlimani, mbuzi wakiwatazama kutoka kingo za barabara.

“Mwanangu Privatus,” Kokugonza alisema polepole, “mimi nimekaa huku nyuma. Miguu yangu yote miwili ninayo hapa.”

Privatus alivuta breki ya mkono. Rwezaura alisogeza kofia yake, akaitazama miguu ile kana kwamba anahakikisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini kila mtu akasikia isipokuwa kaka yake, kwamba hiyo ni giaboksi, na imekufa zamani. Yustus aliyekuwa mbele akageuka kuuliza mdogo wake amesema nini. Rwezaura ikambidi arudie, safari hii akimtazama usoni, akitamka neno moja moja. Nafikiri hiyo ndiyo adhabu aliyoipata, na Kokugonza hakumwongezea nyingine.

Walifika nyumbani kwa gia ya kwanza na ya pili. Privatus alipewa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni, akawekewa ndizi na nyama, lakini hakuweza kula hadi aseme lililokuwa moyoni. Alieleza kwamba yeye naye aliinunua pikapu ile bila kuipandisha mlima wowote. Kila gari lake hulijaribu pale pale lamini, na wateja wake wengi ni watu wa mjini. Safari zile mbili Kokugonza alipokuja, alisema, alikuwa amekwisha kuamua kabla ya kushika ufunguo kwamba tatizo ni yeye. Aliomba radhi kwa wote wawili, mama na mzee. Kokugonza akamsogezea sahani, akamwambia ale kwanza.

Giaboksi nyingine ilipatikana, nzima, kwa gharama ya Privatus, na Niyonkuru ndiye aliyepewa kazi ya kuifunga. Alipoifungua ile ya zamani, alimwonyesha Kokugonza beringi za ndani zilivyotafunika, na meno ya gia ya tatu yalivyolika hadi kuwa mviringo kama meno ya ng'ombe mzee. Alisema hakuna mguu wa binadamu unaoweza kufanya hayo kwa msimu mmoja. Privatus alipotaka kumkabidhi ufunguo palepale gereji, Kokugonza alikataa.

“Hapa pana lami,” alisema. “Utanikabidhi juu ya mlima.”

Habari zilitangulia. Siku ya kukabidhiana, watu wa Igurwa walikuwa wamejipanga huku na huku pale kwenye mwinuko mkali, wengine na majembe yao begani, wakisubiri kusikia. Pikapu ilibebeshwa tena saruji, iliyokuwa imebaki. Safari hii Kokugonza aliendesha mwenyewe. Alifika chini ya mlima, akaingiza gia ya tatu, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma kama injini inavyopaswa. Chini ya hapo hapakuwa na sauti yoyote zaidi ya kokoto zikisagwa na matairi. Yustus alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mkono wa gia. Walipofika katikati ya mwinuko alikiondoa, akakiweka juu ya goti lake, akatazama nje dirishani.

Waliokuwa wamejipanga walianza kupiga vigelegele kabla gari halijafika juu. Privatus, aliyekuwa nyuma, alitoka na kumpa mkono mbele ya watu wote. Rwezaura akaja naye. Aliongea kama mtu anayeuliza habari za kawaida tu, akisema kwamba wiki ijayo ana mikungu yake ya kwenda mnadani, na kama shemeji ana nafasi. Shemeji alisema nafasi ipo, ila apakie mapema.

Tangu wakati huo wanunuzi wa getini wamepungua. Majirani hukusanya ndizi zao pamoja, Kokugonza huzipeleka mnadani Omurushaka, wenye ndizi wakiwa wamekaa humo humo garini, na bei hutajwa na mwenye shamba. Amefika hadi Bweranyange wakati wa mvua, barabara ikiwa tope tupu, akarudi na matope hadi kwenye paa na heshima yake yote.

Lakini safari anayoipenda kuisimulia ni ile ya Kamuli, Kyerwa, alikozaliwa. Alikwenda kumchukua mama yake mzazi, bibi aliyekunjamana ambaye hakuwahi kupanda gari la mtoto wake mwenyewe. Walimkalisha mbele, wakamfunga mkanda, akalalamika kwamba amefungwa kama ng'ombe. Barabarani aliwapungia watu wote, wanaomjua na wasiomjua. Kisha, kabla hawajaufikia mlima, usingizi ukamchukua.

Walipoegesha uwanjani Igurwa, bibi alifumbua macho, akaangaza huku na huku.

“Tumefika wapi?”

“Nyumbani, mama. Igurwa.”

“Waitu, wanangu,” bibi akasema, akishika mlango wa gari ashuke, “na ule mlima wenu mmeuhamishia wapi?”