Ruhusa ya Kuangalia Tu

Mimi siwezi kuingia mahali bila kusalimu. Nalisema hili mapema, ili atakayenilaumu huko mbele ajue kwamba nilimwonya. Hata nikikuta duka tupu, mwenyewe ameenda chooni, nitasalimu viti. Nimelelewa hivyo katika kambi ya jeshi alikokuwa baba yangu, huko huko nilikookota Kiswahili hiki, na nikamlea hivyo hivyo binti wa marehemu kaka yangu. Sasa binti huyo ni mtu mzima, ana mashine za umeme na mafundi wa kuwatuma, na ndiye aliyenifungia mlango. Mlango wenyewe ulikuwa ndani ya simu.

Tunashona nguo, yeye na mimi. Kibanda changu kiko Koboko, mji wa mpakani, na cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijui habari za umeme kukatika. Yeye yuko mji wa Arua, mtaa wa Onduparaka. Mimi napokea wateja wa huku na kuwapima, yeye anakata na kushona zile kazi kubwa, harusi na kwaya, kisha nguo zinarudi Koboko kwa gari la abiria. Zamani vipimo nilimtajia kwa simu. Nikisema kifua, yeye anasikia mtandao unakoroma. Kuna mwimbaji mmoja wa kwaya aliletewa suruali iliyoishia chini kidogo ya magoti, akaivaa hivyo hivyo kwa sababu ya imani.

Halafu binti akaenda mafunzo ya wafanyabiashara wadogo pale Arua mjini, akarudi na jedwali la kwenye simu. Alikuja nalo Koboko mwenyewe, akaninunulia bando, akakaa kwenye benchi la wateja akaanza kunifundisha.

"Shangazi, hii kitu iko moja tu, lakini mimi naiona na wewe unaiona. Ukiandika huku, mimi nasoma kule Arua saa hiyo hiyo."

"Iko wapi sasa? Kwa simu yako ao kwa simu yangu?"

"Haiko kwa simu ya mutu. Iko kwa wingu."

Nilimtazama usoni kuona kama ananitania. Mawingu ya kwetu nayajua. Yakijikusanya juu ya Koboko mtandao unaondoka, na jedwali linaondoka nao. Wingu la kweli likija, lile la simu linakimbia. Lakini sikubisha sana, kwa sababu jambo lenyewe lilinipendeza. Kila mteja alikuwa na mstari wake, jina kwanza, kisha mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Na kilichonipendeza zaidi ni kiduara kidogo cha rangi pale juu ya ukurasa. Kikitokea, maana yake binti naye amefungua jedwali wakati huo huo.

Sasa jamani, mtu yumo ndani, unamwona, na wewe unaingia. Utanyamaza?

Nikasalimu. Nilitafuta kisanduku kitupu nikaandika: Habari ya asubuhi, mwanangu, umeamkaje, huku tumeamka salama, mvua imenyesha. Siku za kwanza alinijibu. Baadaye akawa anafuta salamu zangu kimyakimya, nami naziandika tena kesho yake. Siku timu ya mpira ya mtaa wao inapocheza, kiduara hakionekani kabisa, na mafundi wake hata ungewaita kwa tarumbeta hawasikii. Siku hizo nilisalimu jedwali lenyewe.

Binti akanipigia simu. "Shangazi, salamu tuma kwa ujumbe, si kwa jedwali. Jedwali ni la kazi."

"Yaani niingie nyumbani kwako, nikukute umekaa, halafu nitoke nje mpaka barabarani ndiyo nikusalimu kutoka huko?"

Akaanza kuniuliza habari za vifungo. Nikajua nimeshinda.

Ndipo ikaja harusi. Familia nusu yao wanaishi Koboko na nusu ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, na wote walitaka kupendeza siku moja. Bibi harusi gauni jeupe. Mama yake, dada zake na shangazi zake kitenge cha aina moja. Mama mzazi Mungu alimpakulia kwa mikono miwili. Dada anayemfuata bibi harusi ni mwembamba, ungemtunga kwenye sindano. Shangazi wa mwisho alitoka Lobule akiwa amepakiwa kwenye baiskeli, akafika jua likielekea kuzama, akataka apimwe kabla hata ya kupewa maji. Niliwapima wote, nikaandika vipimo ukutani kwa chaki kama kawaida yangu, kisha nikavihamisha kwenye ukurasa mpya wa jedwali kwa utaratibu: bibi harusi juu, mama chini yake, dada mwembamba, na wengine mpaka wa Lobule.

Asubuhi nikafungua. Kiduara kipo. Nataka kusalimu, sioni nafasi. Pale juu amekaa bibi harusi. Nitamfuta bibi harusi? Hapana. Nitasalimu kule chini, baada ya watu wote, kama mwizi anayetokea nyuma ya nyumba? Hapana vilevile. Basi nikafanya jambo nililoliona la adabu. Niliyashika majina yote kwa kidole, nikayakata, nikayabandika mstari mmoja chini. Yakasogea kidogo, kama watu kwenye benchi anapokuja mgeni, na salamu yangu ikakaa kwenye nafasi ya mbele.

Vipimo vilibaki pale pale vilipokuwa. Mimi nilidhani vitafuata. Kitu kinachoweza kufika Arua kwa kufumba na kufumbua, kinashindwaje kumfuata mwenyewe hatua moja?

Kwa hiyo bibi harusi akapewa mwili wa mama yake, mama akapewa mwili wa binti mwembamba, na hivyo hivyo mpaka chini. Yule wa Lobule peke yake akabaki bila vipimo kabisa. Binti akanipigia kuuliza, mbona huyu wa mwisho hana kitu? Nikamwambia nimeviandika kwa mkono wangu mwenyewe, asinitanie. Lakini chaki yake ilikuwa bado haijafutika ukutani, nikamsomea, tukaendelea na kazi.

Nguo zilifika Alhamisi na harusi ilikuwa Jumamosi. Bibi harusi aliingia ndani ya lile gauni akapotea. Tulimsikia akiuliza humo ndani kama mbele ni huku ama kule. Mama yake alifikisha kitenge mabegani kikagoma, kisishuke wala kisipande, akabaki ameinua mikono juu akisema, "Nitoeni! Nitoeni!" Dada mwembamba alicheka mpaka alipovaa la kwake. Katikati ya kilio hicho yule wa Lobule akazunguka mara moja na kusema, "Mimi yangu iko sawa kabisa." Loo! Walimwangalia vibaya watu wa familia yake mwenyewe.

Binti alifika siku hiyo hiyo na furushi la vitambaa vilivyobaki. Hakunifokea. Alichukua simu yangu, akatazama jedwali, akaisoma ile salamu pale juu, na vipimo vya bibi harusi vimepangwa kando yake kana kwamba salamu nayo itashonewa gauni. Akashusha pumzi. Kisha tukaanza kuwabadilishia watu nguo, la huyu akapewa yule, na hesabu ilipokwisha tukamkuta wa Lobule ana magauni mawili na mama mzazi hana hata moja. La pili ilibidi tumnyang'anye. Tulilifumua, tukaliunganisha na vipande vilivyobaki tukampatia mama, na gauni jeupe tukalipunguza. Jumamosi waliingia kanisani wote wakiwa wamevaa, na mimi nilikaa nyuma nikiwa nimechoka vibaya, lakini nikifurahi.

Jumatatu nilifungua jedwali ili nisalimu. Nikagusa. Kimya. Nikagusa tena kwa nguvu, nikafuta kidole kwenye sketi, nikagusa mara nyingine. Ndipo nikaona maneno pale juu: Kuangalia tu.

Nikampigia. "Umenifungia?"

"Sijakufungia, Shangazi. Unaona kila kitu. Vipimo utanirekodia kwa sauti, mimi nitaandika."

"Naangalia tu."

"Ndiyo."

"Kama mutu anatembea sokoni na hana hela."

"Shangazi, ile harusi ingetumaliza. Watu wale wangeongea mpaka Juba."

Nikakata simu bila kuaga. Mimi! Iliniuma, sitaficha. Mtoto huyu nilimfundisha kushika mkasi wakati mkasi ulikuwa unamzidi urefu wa mkono. Na chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga ndio ulionikosesha hamu ya chakula: leo naangalia tu, kesho ataleta Koboko msichana anayejua majedwali, nami nitawekwa pembeni nishone vifungo. Biashara tuliianza wawili. Nilijiona natolewa nje taratibu, kwa adabu, kama mgeni aliyekawia.

Lakini mimi si mtu wa kukaa pembeni kimya. Katika kubonyezabonyeza kwa hasira nikakuta mahali pameandikwa: Omba ruhusa. Nikabonyeza. Kumbe! Kikafunguka kisanduku kitupu, cha kumwandikia mwenye jedwali sababu ya ombi lako, imfikie kwa barua pepe. Kisanduku kitupu, na mtu upande wa pili. Ningefanya nini?

Niliandika: Habari ya asubuhi, mwanangu. Umeamkaje? Koboko iko salama. Naomba ruhusa.

Hakujibu, wala hakunikubalia. Kesho yake nikaomba tena. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla ya kufungua kibanda. Habari ya asubuhi, umeamkaje, nyanya zimepanda bei, naomba ruhusa. Habari ya asubuhi, paka amezalia juu ya kitambaa cha kwaya, usiwaambie, naomba ruhusa. Habari ya asubuhi, nimeota baba yako anacheka, naomba ruhusa. Nilifanya kwa kisirani, niseme kweli. Nilitaka kila asubuhi akifungua barua pepe zake anikute mimi mlangoni. Tukiongea kwa simu tuliongea mabega na viuno, kazi tu, na hakuna aliyetaja ombi. Vipimo nilimrekodia kama alivyotaka, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Kisha malaria ikaniangusha. Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinapiga kelele. Simu ikazima na sikuwa na nguvu ya kwenda kuichajisha, kibanda kikabaki kimefungwa. Jirani aliniletea dawa na uji, na mimi nililala bila kujua hata ni siku gani. Nilichojua ni kwamba jedwali linaendelea kuishi bila mimi, na hilo lilinisumbua kuliko homa.

Mchana mmoja mlango ukasukumwa. Akaingia binti, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, nyuzi zimejaa kwenye nguo. Alikuwa ameacha kazi mezani Arua, akapanda gari la kwanza aliloliona. Akasimama juu yangu anahema.

"Kwa nini hujaomba?"

Hakusalimu! Niliyemlea mimi, ameingia chumbani kwangu, mimi ni mgonjwa, hakusalimu.

"Kwanza salimu," nikamwambia.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akaanza kulia, vile alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi. Alisema alipiga simu haipatikani, lakini hilo halikumtisha, simu yangu haipatikani mara nyingi. Kilichomtisha ni asubuhi kufungua barua pepe na kukuta matangazo tu. Kesho yake tena matangazo tu.

"Si ungenikubalia tu nisikusumbue," nikasema. "Ukubali, yaishe."

"Nikikukubalia hutaomba tena. Utarudi kusalimu kwa jedwali, na kila fundi anasoma." Akapangusa pua kwa mkono, sikumkemea. "Hii inakuja kwangu peke yangu. Mimi naisoma kabla ya chai, Shangazi. Kwamba umemwota Baba anacheka, nani mwingine ataniambia?"

Jamani. Nikageukia ukutani nikasingizia homa.

Alikaa mpaka nikaweza kula ugali wa muhogo nikaumaliza. Aliichajisha simu yangu, na kabla ya kuondoka akanirudishia ruhusa yangu, nione na niandike, kwa sharti kwamba majina yakikaa yamekaa. Nikaapa. Kisha akaendelea kubonyeza, akinigeuzia mgongo, hataki niangalie.

"Unafanya nini tena?"

"Nakutengenezea jedwali la kwako. Wewe ndiyo mwenyewe. Mimi hapo naweza kuangalia tu."

"La kupimia nani?"

"Halipimi mutu. Liko tupu."

Sikuelewa, na gari lilikuwa linampigia honi barabarani. Nilielewa asubuhi yake. Nilikuwa sijavaa hata viatu, simu ikalia kwenye meza. Kulikuwa na ombi: Habari ya asubuhi, Shangazi. Umeamkaje? Homa imepungua? Naomba ruhusa.

Maombi hayo yanakuja kila siku mpaka leo, na mimi nayasoma kabla ya chai. Sijamkubalia.