Nilimkana mpiga obokano kwenye mlango wa ukumbi wa Kisii, na sasa tunamtaka afungue tamasha

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, nikiwacheka waliouziwa shamba la hewa na waliokimbiwa siku ya harusi. Leo ni zamu yangu kuchekwa. Nitasema ukweli wote, hasa ule unaoniaibisha, maana ule mwingine hauna ladha.

Kuungama kwenyewe ni huku: kwa zaidi ya miaka thelathini nimekana kwamba baba yangu ni mpiga obokano.

Kwa msioijua, obokano ni kinubi kikubwa cha Wagusii. Nyuzi nane, tumbo la mti lililofunikwa ngozi ya ng'ombe. Sauti yake ni nzito, inakufika kifuani kabla ya masikioni. Zamani ilipigwa penye pombe ya wimbi, ndiyo maana kwa familia za kanisa (na kwetu Nyamira nionyeshe ambayo si ya kanisa) kutundika obokano ukutani kulikuwa sawa na kuweka chupa mezani.

Nilipokwenda shule ya bweni nilisema baba ni mwalimu wa kwaya. Chuo kikuu nikampandisha cheo, akawa mwalimu wa muziki.

Mbaya zaidi, huko chuoni niliandika tasnifu kuhusu obokano. Nilimnukuu mara sita kama "mzee mmoja wa Magwagwa". Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: chanzo kizuri sana, ulimpataje?

Nilimpata kwa kuzaliwa. Lakini sikujibu hivyo.

Sasa tuje kwa ukumbi.

Uko Kisii mjini. Wenyeji mtaujua kwa ngazi zake za mawe ya sabuni, zilizolika katikati kama kijiko. Umekarabatiwa juzi juzi, na kamati ikanifanya katibu na kuniomba niandike historia yake kwenye kijitabu cha tamasha la kuufungua upya. Nilikubali haraka. Mtu wa makala akiombwa kuandika bila malipo husikia kama amepewa tuzo.

Nikazunguka kuuliza wazee. Wanasema ulijengwa na wakoloni ili wacheze dansi za gramafoni, na Mgusii aliingia humo akiwa amebeba trei tu. Baada ya uhuru zikaja kwaya. Kisha bendi za magitaa kutoka upande wa ziwa, watu wakacheza mpaka sakafu ya mbao ikatoboka na tundu likameza kiatu cha karani mmoja. Kiatu hakijapatikana hadi leo.

Baadaye ukawa ghala la mbolea. Mvua ikinyesha harufu bado inapanda, na waimbaji wa sauti ya kwanza wote wanapiga chafya.

Nilipopanga maelezo yangu niliona jambo. Kila aliyeingia alimfungia mlango aliyemfuata. Wakoloni waliwafungia wanakwaya. Wanakwaya wakawafungia wapiga magitaa. Wapiga magitaa, sasa wazee wenye vitambi, wanawafungia vijana wa rap. Na wote, bila hata kuulizana, waliifungia obokano.

Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Odera, fundi wa redio aliyetoka upande wa ziwa akiwa kijana na hajarudi. Alifungua mkutano wa kwanza kwa sentensi moja: "Safari hii kila sauti iingie."

Rahisi kusema. Saa mbili nzima zilikwenda tukitafuta siku. Jumamosi haiwezekani, Waadventista wako kwenye Sabato. Vijana wa rap wakasema basi Ijumaa jioni. Mama Bosibori, kiongozi wa kwaya ya Waadventista, akawatazama kama watoto waliouliza kama jua huzama. Sabato huanza hapo hapo! Jumapili asubuhi Wakatoliki wako misani. Mwishowe tukaangukia Jumapili saa nane mchana, siku ambayo haikumfurahisha mtu yeyote, nikajua ni ya haki.

Ndipo Odera akasema tamasha lifunguliwe na obokano.

"Hiyo ni pombe yenye nyuzi," akasema Mama Bosibori.

"Mama, kile kinanda chenu nilichotengeneza mwaka jana, unajua kilitoka wapi kabla ya kuja kanisani?"

"Sitaki kujua."

"Baa."

Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Alipotoka huko alisema sawa, ila mpigaji asije na kibuyu.

"Kuna mzee mmoja wa Magwagwa," Odera akaendelea. "Zamani alialikwa hapa kutumbuiza wageni wa serikali kwenye mashindano ya kwaya, wasimamizi wakamfukuza mlangoni. Huyo ndiye wa kufungua."

Wakuu, kalamu ilinikwama kwenye karatasi.

Siku hiyo nilikuwepo. Nilikuwa msichana wa shule niliyevaa sare ya kwaya, tumepanga foleni juu ya zile ngazi. Baba alikuja na koti lake la pekee, obokano begani, na wasimamizi wakamzuia, wakamwambia hapa si kilabuni. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Unamjua huyo mzee?"

Nikasema simjui.

Baba alikuwa karibu vya kutosha kusikia. Alishuka ngazi polepole, akiulinda mzigo wake usigonge ukuta. Sisi tukaingia tukaimba, tukashika nafasi ya pili. Nyumbani hakusema neno. Mimi pia sikusema. Tumeishi na hilo neno lisilosemwa kama watu wanaoishi na ng'ombe sebuleni, kila mtu anamzunguka.

Basi kwenye mkutano nikafanya nini? Nikaandika kwenye kumbukumbu: Odera atamtembelea mzee. Mtu mzima mimi, mwenye miwani miwili.

Odera alirudi kwenye mkutano wa Jumatatu, uso umeshuka.

"Madam, amekataa. Anasema hawezi kupiga kwa sababu mtoto wake atakuwa ndani. Huyo mtoto sijui alimfanyia nini, lakini mzee ana kinyongo."

Nikaandika: amekataa.

"Halafu kitu kingine," akasema. "Ukutani kwake kuna picha yako na kofia ya digrii. Ni shabiki wako?"

Mama Bosibori alinitazama pua, akatazama dari kama anayemkumbuka mtu, akanitazama pua tena.

Nikasema. Wote walisikia: wanakwaya, vijana wa rap, hata mama aliyetuletea chai. Kwamba ni baba yangu, kwamba nilimkana kwenye ngazi hizo hapo nje, kwamba ana haki ya kinyongo, na kama ni mimi ninayemzuia nitajiuzulu kwenye kamati. Nililia kidogo. Kijana mmoja wa rap alinipa kitambaa cha kichwa chake.

Mama Bosibori alisubiri nimalize. Kisha akaangua kicheko.

"Wewe umesoma mpaka umesahau kwenu? Kinyongo gani? Hiyo ni chinsoni!"

Odera akauliza chinsoni ni nini, naye akaeleza. Kwetu mzazi na mtoto wana haya kati yao. Yapo maneno ambayo mtoto hawezi kuyasikia kutoka kinywani mwa baba yake, hata kwa utani. Na mpiga obokano akishapata moto hachagui. Atakusifu, atakutukana, atataja mpaka mambo ya chumbani, na hapo ndipo watu hufurahi.

"Sasa ayaseme hayo binti yake ameketi mstari wa mbele na daftari?" akamaliza. "Heri ale obokano yenyewe."

Naomba mjue kwamba kwenye tasnifu yangu kuna kurasa tatu kuhusu chinsoni. Nilipewa alama nzuri.

Mimi mwenyewe nisingeweza kuzungumza na baba juu ya jambo hilo, chinsoni hiyo hiyo inakataza. Lakini Mama Bosibori ni rika lake. Akamwomba Odera namba, akapiga pale pale, akaanza kwa kumuuliza habari za ng'ombe na mvua. Halafu akasema, "Mzee, huyo msichana tutamweka nje. Atauza chai."

Sikusikia jibu. Niliona tu meno ya Mama Bosibori, kisha nikamwona akitoka nje na simu ili acheke vizuri. Aliporudi alisema, "Anasema atafikiria." Na huyu ndiye aliyeita obokano pombe yenye nyuzi.

Nitatoa funzo hapa, mapema, kwa sababu kilichobaki hakihitaji funzo nyuma yake. Mimi nilidhani ukumbi huwa wa watu wote siku mlango unapofunguliwa. Sasa naona lazima pia ujue akiingia nani, nani atoke kidogo, na ukiwa wewe utoke bila kununa. Na kama una mzee wako uliyembadilishia kazi kwenye maongezi ya watu, mrudishie kazi yake angali hai.

Wanaotaka kunitukana, uwanja ni wenu, ila muwe wa kuchekesha. Wenye wazee wapiga obokano, nyatiti au chochote kilichofichwa juu ya dari, andikeni hapa chini. Kijitabu bado hakijaenda kwa mchapaji na nina nafasi ya ukurasa mmoja.

Sasa kilichobaki.

Jana asubuhi nilikuwa nachambua mboga ya chinsaga, simu ikalia. Baba. Huwa hapigi, hupigiwa. Tuliongea Kigusii, nawatafsiria.

"Kerubo."

"Ee, Tata."

"Nimesikia Jumapili unauza chai."

"Ndiyo, Tata. Nje kabisa. Sitasikia chochote."

"Vizuri." Akakohoa. "Na yule baba yako mwingine, mwalimu wa muziki, naye atakuja? Nimesikia habari zake. Alikufundisha kuimba vizuri."

Nikasema, "Tata, siku ile kwenye ngazi..."

"Dirisha la tatu," akasema, "upande wa tanki la maji. Kioo chake kilikuwa hakifungi sawasawa, na mafundi huwa hawafiki huko. Mimi sijakwambia kitu. Nakutajia tu dirisha."

"Umelijuaje?"

"Mlangoni walinifukuza," akasema. "Dirishani hawakunifukuza. Mliimba nyimbo tatu. Ile ya pili ulianza juu sana."

Akakata.