Maziwa ya Kusafisha Mapafu

Katika karakana yetu ya miguu ya bandia, hapa Bukavu, kila sumu ilikuwa na dawa moja: maziwa. Umechanganya rezini hadi kichwa kinazunguka? Kunywa maziwa. Umesugua plastiki kwenye mashine asubuhi nzima? Kunywa maziwa. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, aliamini yanateremka kifuani na kubeba vumbi lote, kama mvua inavyosafisha mfereji. Mimi niko na diploma ya sekondari, najua maziwa hayapiti huko. Lakini nilikunywa. Maziwa ya bure hayakataliwi.

Halafu wafadhili wakatuletea mashine ya kunyonya vumbi. Ilikaa muda mrefu ndani ya nailoni yake, shefu akiogopa itaingia vumbi. Sichekeshi, ndivyo alivyosema. Ilifunguliwa siku tuliposikia wageni wanakuja kuiangalia. Sasa ilihitaji tundu la kutolea uchafu. Ukuta wa barabarani ulikuwa umepakwa rangi mpya kwa ajili ya wageni haohao, basi tundu likatobolewa nyuma, barazani, usawa wa benchi.

Kwenye baraza hilo ndipo wateja wanajifunzia kutembea. Ndipo pia nilipomlaza mutoto wangu, maana bado ananyonya na siwezi kupanda hadi nyumbani Kasha kila anapolia. Nilimtoa ndani mwenyewe, nikisema angalau nje atapata hewa ya ziwa.

Wageni walisifu sana. Ndani palikuwa safi kama kanisa siku ya Pasaka. Walipiga picha. Mlango wa nyuma hakuna aliyeufungua.

Mutoto akaanza kukohoa. Nililaumu mvua, nililaumu baridi. Vumbi sikuliona, kwa sababu plastiki yetu ina rangi ya ngozi, ili muguu ufanane na mwenyewe. Mutoto wangu alipakwa rangi yake mwenyewe, nami nikamwona mzuri tu. Aliyeliona ni mteja mmoja, papa mzee wa Luhwindja, aliyepoteza muguu kwenye shimo la dhahabu. Nilimkuta amemfunika mutoto kwa koti lake.

"Maman," akaniambia, "mimi nilikimbia vumbi ya shimo, imenifuata mpaka hapa. Uyu mutoto iko anakula miguu yetu."

Nikampangusa mutoto sikio. Kitambaa kikageuka kahawia.

Nikaenda kwa shefu, nikamuomba bomba la kupandisha vumbi juu ya paa, basi. Akanieleza kwa upole kwamba bomba litaingia kwenye projet ya wafadhili ya mwaka kesho. Kwa sasa nimzoeze mutoto maziwa.

"Shefu, anakunywa maziwa yangu tangu kuzaliwa," nikamwambia. "Kama maziwa inasafisha mapafu, yeye ndiye angekuwa musafi kutushinda wote."

Akacheka. Mutu huyo alicheka.

Kazi yangu ni plasta. Nafunga bende zilizoloweshwa kwenye kisiki cha muguu, nachukua umbo lake, na sijawahi kuacha hata ufa. Nikalowesha bende, nikalifunga lile tundu la barazani, nikalainisha kwa kiganja kama muguu wa mteja. Plasta ikakauka wenzangu wakiwa kwenye maziwa.

Waliporudi kusugua, vumbi lilifika ukutani, likakuta njia imefungwa, likarudi. Bomba la mashine likaachana kwenye kiungo chake, mbele kabisa ya mlango wa shefu. Akatoka akikohoa, shati lake jeupe limepata rangi ya muguu. Akauliza ni nani. Nikasema ni mimi, nikamnyooshea kikombe cha maziwa.

"Kunywa, shefu. Itashuka."

Wenzangu waliangalia chini. Aliyecheka ni papa wa Luhwindja, peke yake, kule nje.

Kabla ya jioni, fundi anayetengeneza mbabula za makaa alikuwa juu ya paa na bomba la bati. Mwaka kesho ulifika mapema. Siku hizi shefu anawapitisha wageni nyuma walione, anawaambia usalama wa watoto ni jambo analolifikiria sana. Mimi nilipewa demande d'explication: nieleze kwa maandishi kwa nini niliharibu mali ya karakana.

Ninaandika jibu kwa mkono mmoja. Mwingine uko kwenye mgongo wa mutoto, nasikiliza. Kifua bado kinakwaruza.