Vibuyu vya Mama Glory

Efrazia, mama Glory, alijulikana kijiji kizima cha Tumati kwa maziwa yake ya mgando. Kibuyu alikifukiza kwa kijinga cha mzeituni pori ili maziwa yanukie moshi: anakiingiza ndani kikiwa na moto, anasugua, anakung'uta majivu, halafu anaweka pua kwenye mdomo wa kibuyu na kuvuta. Harufu isipotosha, anarudia. Alifiwa na mume angali kijana, akamsomesha binti yake mmoja kwa ng'ombe wake, na Mungu akamsaidia.

Mwaka huu Glory alipata mchumba wa Katesh. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao, ikapangwa mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado mzito. Ndipo mafua yakapita nyumba zote. Sisi majirani tulipona. Efrazia alibaki na kikohozi, na pua yake haikunusa kitu, hata kitunguu kikiwa kwenye mafuta.

Pale zahanati nesi Salma alimsikiliza kifua.

"Mama, ndani ya njia ya hewa kuna ngozi laini yenye ute na vinyweleo vidogo mno. Ndivyo vinavyofagia vumbi na wadudu visishuke kifuani. Virusi vya mafua vimeingia kwenye hiyo ngozi, vikazaliana humo, vikaibabua. Itaota tena, ila taratibu. Kwa sasa moshi na wadudu wengine wanaweza kupita mpaka mapafuni. Jikoni apike mtu mwingine."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye moshi."

"Ulizaliwa na ufagio wako, mama. Sasa haupo."

Efrazia akacheka mpaka akakohoa.

Nyumbani wifi yake Oliva, dada wa marehemu mumewe, alimtania. "Basi wakwe tuwape maziwa ya pakiti! Watasema binti naye tumemtoa dukani."

"Mama, nipe vibuyu nifukize mimi," Glory alisema.

"Hapana. Maziwa ya kukutoa nyumbani yatatoka mkononi mwangu."

Upepo ulikuwa wa baridi, akafunga mlango wa jiko. Akafukiza kibuyu cha kwanza, akaweka pua, akavuta. Hakusikia harufu. Akavuta tena kwa nguvu zote.

"Hakinukii."

"Mama, kinanukia mpaka uani!"

"Unanidanganya ili nitoke." Akarudisha kijinga ndani. Alifanya hivyo kwa kila kibuyu, anafukiza na kuvuta ule moshi, akitafuta harufu ambayo pua yake haikuwa nayo.

Siku chache baadaye homa ikampanda, akawa anahema kama mtu anayepanda mlima. Hospitali wakasema ni nimonia, wakamwekea oksijeni. Tulisali rozari kando ya kitanda. Neno lake la mwisho kwa Glory lilikuwa, "Maziwa yameganda vizuri?"

"Yameganda, mama."

Wakwe walifika siku ileile waliyotarajiwa, lakini walikuja kuzika. Baada ya mazishi tukawapa yale maziwa. Baba wa mchumba alionja, akauliza kwa upole, "Mkono wa nani huu?"

Glory akaonyesha kwa kidole kaburi lenye udongo mbichi, nyuma ya mahindi.

Oliva alikuwa ameshika kibuyu cha mwisho. Alikwenda nacho mpaka pale kaburini, akapiga magoti, akaweka pua kwenye mdomo wa kibuyu kama Efrazia mwenyewe alivyokuwa akifanya.

"Kinanukia, wifi," akasema huku analia. "Kinanukia, pumzika."